Nyanya "isiyougua" ilivyoniumbua nikajifunza kusoma paketi

Mi nakaa Uyole hapa Mbeya, nyuma ya jiko nina kaeneo ka kama hatua kumi kwa sita hivi ndo bustani yenyewe. Mwaka juzi nikaenda duka la pembejeo nikamwambia kijana wa pale nataka nyanya isiyougua, akanipa Roma VF, "dada hii we panda tu, haiugui." Nikahamishia miche mwezi wa 12, najisemea mvua itanimwagilia, sina haja ya kubeba ndoo.

Zilikuwa nzuri aisee. Zimetoa maua, zimeanza kufunga matunda, ndo ikaja wiki moja mvua siku nne mfululizo na ule ukungu wetu wa asubuhi ambao hata jirani humuoni. Kutoka nje nakuta majani yana madoa kama yamemwagiwa maji ya moto, nageuza jani, chini kuna kautando keupe, mashina yameanza kuwa ya kahawia na nyanya mbichi zina mabaka magumu mabegani. Wiki haikuisha, zote chali. Yule kijana nilimlaani mpaka basi.

Mama jirani ana viazi mviringo ng'ambo ya fensi, akaja kuchungulia akacheka, "mwanangu, si ndo huu ugonjwa wa viazi vyangu?" Kumbe kweli ndo huo huo, baka jani chelewa, unakula viazi unakula na nyanya, unapenda baridi na majani yaliyolowa, sasa kwa Mbeya si umefika kwao kabisa!

Ndo nikarudi kwenye paketi tupu. V na F ni aina mbili za mnyauko, vetisiliamu na fusariamu, zote zinatokea udongoni zinapitia kwenye mizizi. Baka jani hazihusiki nalo hata kidogo. Ukiona N ujue ni minyoo fundo, vile viminyoo vya udongoni vinavyovimbisha mizizi. Halafu kuna F1, hiyo wengi tunachanganya, haina uhusiano na ugonjwa, inamaanisha tu mbegu ni chotara, yaani imetokana na kuchanganya aina mbili. Kwa hiyo kijana hakunidanganya sana, alisema nusu na mi sikuuliza nusu ya pili.

Wakati nang'oa ile mizoga nikaona na kingine, mizizi ina vivimbe vimejipanga kama shanga. Minyoo fundo. Yaani hata mvua isingenyesha nilikuwa na mgeni mwingine chini.

Msimu uliofuata nikatafuta Tengeru 97, ile iliyotolewa na watafiti wa Tengeru kule Arusha mwaka 1997, yenyewe inahimili fusariamu na minyoo fundo, tena si chotara kwa hiyo mbegu unakamua mwenyewe, unaacha kwenye kopo siku mbili tatu ule utelezi uachie, unaosha unaanika. Ila kwa baka jani sikuitegemea, hapo nilibadilisha tarehe. Nikasia mwezi wa 7, kitalu nimekifunika usiku maana baridi ya hapa unaijua, miche 24 nikaihamishia katikati ya mwezi wa 8. Maji namwagia shinani kwa kopo asubuhi, jani halilowi. Majani ya chini yanayogusa udongo nakata, nimetandaza nyasi kavu, kila mche una mti wake. Kazi ipo, usidanganywe, mgongo niliusikia.

Mwisho wa mwezi wa 10 nikaanza kuchuma, na nilipong'oa mche mmoja kuangalia mizizi nikakuta misafi, nikamwita mpaka mume wangu aje aone mizizi, akaniona kama nimechanganyikiwa.

Mvua zilipoanza nilikuwa na nailoni ya kutosha miche sita tu, nikaisimamisha juu kwa miti kama kibanda, pembeni wazi ili upepo upite. Hiyo mingine 18 nikapiga mankozebu, lakini nilipiga madoa yameshaonekana, na ile dawa ni ya kukinga, haiponyi. Ikaondoka yote kabla ya Krismasi. Ile sita ya kwenye kibanda nimechuma mpaka Januari, upepo ulipoichana nailoni usiku mmoja, na siku chache baadae nikaona doa la kwanza. Sahivi natafuta nailoni nzito na miti ya maana, safari hii kibanda kinafunika yote 24.