Siku yangu moja ya kimchi, barafu na kufuma, Sinza

Saa 11 alfajiri. Kabichi za kimchi, kile chakula cha Kikorea cha kabichi iliyochachushwa kwa chumvi na pilipili, zimelala kwenye chumvi tangu saa 4 usiku, na kazi ya kwanza ni kuzikagua. Nachomoa jani la katikati na kulikunja upande wa shina, pale penye weupe mnene. Likikunjika kimya, chumvi imeingia. Likivunjika, linarudi beseni na siku nzima inasogea mbele. Leo yamekunjika. Hii si ile chainizi tunayokaanga na nyanya tukala na ugali. Ni kabichi ndefu iliyofunga, ndani ina umanjano, naipata Kisutu kwa mama mmoja anayenipigia simu mzigo ukishuka.

Chumvi yangu ni ya mawe, ya Bagamoyo. Kilo 10 za kabichi zinakula karibu kilo nzima. Chumvi laini ya mezani siitumii, inayeyuka upesi, majani ya nje yanakuwa machungu kwa chumvi wakati shina bado bichi. Kisha nasuuza, maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila kipande nakipanga kwenye chungio, upande uliokatwa ukitazama chini ili maji yachuruzike. Bomba letu asubuhi halina uhakika, kwa hiyo maji nilishayajaza ndoo tangu jana. Hapa ndipo mgongo unapoanza kudai haki yake, na jua halijachomoza.

Naandika haya kwa sababu mtaani wananiita "dada wa tamthilia". Wanadhani niliangalia mapenzi ya Kikorea kwenye simu, nikavutiwa, nikaanza kuchezea pilipili. Tamthilia naangalia, sikatai. Lakini kazi hii niliifunza Masaki, kwenye jiko la familia ya Kikorea niliyoifanyia kazi ya upishi kabla hawajarudi kwao. Yule mama hakuwa na mizani wala kitabu. Alionja, akanionjesha, akaongeza. Alinieleza kwamba kwao, Novemba ikielekea Desemba, ndugu na majirani hukusanyika kutengeneza kimchi ya kula kipindi chote cha baridi, mamia ya vichwa vya kabichi kwa wakati mmoja, watu wakisaidiana kama tunavyosaidiana kwenye shughuli. Utaratibu huo unaitwa kimjang, na mwaka 2013 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Mimi naufanya peke yangu, kwenye koridoo ya nyumba ya kupanga, na mdogo wangu akinisaidia kabla hajaenda chuo.

Saa 1 asubuhi uji wa unga wa mchele umeshapoa, unga uleule wa vitumbua. Humo naweka kitunguu saumu nilichotwanga kwenye kinu, tangawizi, mchuzi wa samaki wa chupa, figili nyeupe iliyokatwa njiti njiti, vitunguu majani, na pilipili ya Kikorea, gochugaru. Watu huniuliza kwa nini nisitumie pilipili zetu, nitaokoa hela. Nilishazijaribu. Pilipili kichaa inachoma kabla haijaleta rangi. Gochugaru inatolewa mbegu, ina utamu kwa mbali, unaweza kuimwaga kwa vikombe na chakula kikawa chekundu bila mtu kutafuta maji. Inaagizwa kutoka nje na ndiyo inayokula faida yangu.

Kinachoniuma zaidi ni mafuta ya ufuta. Ufuta ni wetu, Lindi na Mtwara wanalima kwa magunia na magunia, unapanda meli unaondoka. Halafu mafuta ya ufuta uliokaangwa, yale meusi yenye harufu, nayanunua kwenye chupa ndogo iliyotoka Asia. Kila nikifungua chupa hiyo nafikiria mashine ya kukamulia. Siku moja.

Kupaka ni jani kwa jani. Unavaa mipira ya mikono, unalifunua jani, unapaka kiungo kuanzia shinani, unalilaza, unafunua la pili. Ukiharakisha, katikati panabaki peupe na hapo ndipo panapooza. Chupa hazijazwi mpaka mdomoni. Naacha nafasi ya vidole viwili, kwa sababu kimchi ikianza kuchachuka inatoa gesi na maji yake yanapanda. Huko Korea wanaweza kuiacha nje siku mbili hali ya hewa ikiwa ya ubaridi. Kwa joto la Dar, asubuhi ya pili tayari mapovu yanapanda, inaingia friji.

Saa 3 hadi saa 5 ni oda za chakula cha mchana. Wali, mayai, karoti, mchicha uliochemshwa na kukamuliwa, navingirisha kwenye karatasi za mwani, nakata vipande, naweka kwenye vibakuli. Pembeni naweka dagaa mchele wa Zanzibar niliowakaanga na sosi ya soya, sukari kidogo na ufuta. Wakorea wana chakula hichohicho na wanakipika kwa samaki wa jamii hiyohiyo, kwa hiyo hapo siagizi chochote kutoka popote. Mwani ndio naagiza. Ule unaolimwa Paje na Jambiani ni wa aina nyingine, unakwenda viwandani kutengenezea vitu vya kufanya vyakula viwe vizito, haukauki ukawa karatasi. Bodaboda wangu wa siku zote alichukua vibakuli saa 5 na nusu, nikakaa chini kunywa chai.

Simu ikaita.

"Dada, umeniuzia kitu kimeoza."

Ni mteja aliyechukua chupa mbili Jumatatu. Leo Alhamisi. Nikamwuliza ameona nini. Akasema kafungua ofisini, kifuniko kikaruka, maji mekundu yakamwagika juu ya meza, ndani kunatoka mapovu, na wenzake wote wamenuna kwa harufu. Nikamwuliza kwa upole, "Ulikuwa umeiweka wapi, dada yangu?" Akasema hilo halihusiani. Nikamwuliza tena. Kwenye gari, akasema. Siti ya nyuma. Siku tatu, jua la Dar, gari imefungwa vioo.

Kwenye kila chupa kuna lebo niliyoandika kwa mkono wangu: WEKA KWENYE FRIJI. FUNGUA TARATIBU. Nikamweleza kwamba mapovu ni bakteria wanaofanya kazi yao, jamaa wa walewale wanaogandisha maziwa ya mtindi, na kwamba kwenye joto wanakimbia badala ya kutembea. Imekuwa chachu sana, haijaoza. Akaniambia kwenye tamthilia hawaonyeshi mapovu. Akaanza kutuma ujumbe wa sauti mmoja baada ya mwingine. Anataka hela yake. Anataka na hela ya kufulia blauzi. Kisha ukaja ule ulionitoa kwenye kiti: nisipofika leo, anaandika kwenye kundi. Kundi lenyewe ni la akina mama wa ofisi za Posta, na nusu ya wateja wangu wametoka humo.

Kwa hiyo nikaenda. Boda hadi Shekilango, mwendokasi hadi Posta, nimesimama njia nzima na mfuko mkononi, ndani kuna chupa mpya imefungwa taulo. Mapokezi wakaniambia nisubiri, dada yupo kikaoni. Nikasubiri. Nikatazama saa ya ukutani, nikatazama kabichi zangu akilini, kundi la pili lilitakiwa kupakwa saa 8. Nikasubiri tena. Mlinzi akaniletea maji, Mungu ambariki. Nilipoitwa ilikuwa karibu saa 8 na nusu.

Chupa ilikuwa juu ya kabati la mafaili, imefunikwa mfuko mweusi wa taka. Nikaifungua mbele yake na mbele ya wenzake wawili waliokuja kushuhudia. Nikachukua kipande kwa uma, nikakila. Kilikuwa kichachu cha kusisimua masikio, kimelainika, rangi safi, hakina ukungu wala utelezi. Mmoja wa wale wenzake akaomba kuonja. Akala, akanyamaza, akaongeza. Mteja wangu hakuonja. Akasema yeye ladha hiyo siyo aliyolipia, alilipia ile ya Jumatatu.

Hapo nilitaka kumwambia mengi. Nilitaka kumwambia chakula hiki hakigandi pale ulipokilipia, kinaendelea kukua, na anayekinunua anakubali kukilea. Nilitaka kumwonyesha vidole vyangu, ngozi imekauka kwa chumvi na pilipili inapita hata kwenye mipira. Lakini nilikuwa na njaa, na kundi lile ndilo linalolipa kodi yangu ya chumba. Tukakubaliana: achukue chupa mpya kwa nusu bei, shilingi 6,000, na ile chupa aliyoiita mbovu niondoke nayo. Blauzi sikulipa, na sitalipa. Akatuma hela. Akasema, "Asante dada, ujue mimi nakupenda tu." Nikamjibu asante, nikamwonyesha lebo kwa kidole, nikamsomea neno kwa neno.

Nilirudi nimekaa, angalau siti ilipatikana.

Nyumbani umeme umekatika. Mdogo wangu anasema tangu saa 7. Friji naifunga kwa kamba siku kama hizi, mtu asije akaifungua kwa mazoea. Ikibaki imefungwa, baridi inakaa masaa kadhaa. Friza ndogo ndiyo niliyoihofia, kwa sababu huko kuna barafu za ubuyu ninazouzia watoto wa mtaa, shilingi 100 moja. Biashara hiyo ni ndogo lakini ndiyo iliyonunua friza yenyewe, na kimchi haiingii humo kabisa, harufu ya kitunguu saumu inapenya hata mfuko uliofungwa. Barafu zilikuwa zimeanza kulegea. Nikawaita watoto, wakanunua mbili kwa bei ya moja, zikaisha kabla hazijawa juisi. Hasara yake ni ndogo, na mlango wangu ulijaa kelele nzuri.

Kundi la pili la kabichi nililipaka mchana ukiwa umeshaisha, sijui saa ngapi, mwanga wa mlangoni ulinitosha. Sikupunguza hatua hata moja. Jani kwa jani. Nilipomaliza mabega yalikuwa yamekakamaa, nikanawa kwa mafuta kwanza halafu sabuni, maana pilipili haitoki kwa maji, nikakaa kibarazani na sindano yangu ya kufumia. Nafuma sweta la mtoto wa jirani anayetarajiwa mwezi ujao, uzi wa pamba wa kijani. Hili nalo huwa nauza, pamoja na vitambaa vya makochi, lakini sikufuma leo kwa ajili ya kuuza. Vidole vilivyoshika kabichi tangu alfajiri vinahitaji kushika kitu chepesi.

Umeme ulirudi giza likiwa limeingia. Nikaipika ile chupa.

Hili ndilo jambo ambalo yule dada hakulijua na mimi sikuwa na nguvu ya kumwambia: kimchi iliyochacha sana ndiyo inayotafutwa kwa mchuzi. Changa haifai, haina nguvu. Nikaikaanga kwanza kwenye mafuta mpaka ikaanza kung'aa, nikatia kitunguu, nikamwaga maji yake yote mekundu, nikaongeza maji ya moto niliyochemshia dagaa, kisha vipande vya jodari wa Feri. Wakorea wengi huweka nguruwe, wengine jodari. Kwetu uani tunakula wote, kwa hiyo ni jodari. Unaiacha itokote taratibu mpaka uchachu unatulia na mafuta mekundu yanaelea juu. Mdogo wangu aliila na ugali, mimi na wali, tukaongeza hadi sufuria ikabaki na alama ya mwiko.

Mama mwenye nyumba alitokea mlangoni na bakuli lake, kama kawaida yake. Nilimsalimia, shikamoo mama, nikampakulia. Akasema Ijumaa ana ugeni wa wakwe, anaomba nisitwange vitunguu saumu mchana. Tukapatana nitatwanga alfajiri, nifunge mlango, na mimi nimpe chupa moja ndogo ya kuweka mezani kwa wageni.