Meno 32 ya kupandia Wundanyi

Nianze na baiskeli yenyewe, manake bila kuijua hutaelewa kwa nini goti langu la kulia lilivimba Agosti 2018 pale juu ya Mwatate. Ilikuwa Bianchi, ile rangi yao ya kijani cha bahari kilichopauka, niliinunua kwa Mtaliano mmoja wa huku kwetu Malindi aliyekuwa anafunga nyumba arudi kwao. Mbele ina gia mbili, meno 53 na 39, nyuma kaseti, yaani lile fungu la gia kwenye gurudumu, ya gia 9 kuanzia meno 12 mpaka 25. Kwa mtu wa Malindi hiyo ni baiskeli tosha kabisa, sisi hatuna milima, kuna kale kamwinuko ka Sabaki ukishavuka daraja unaelekea Mambrui na basi, adui yetu ni upepo. Msimu wa kaskazi ukienda Gongoni asubuhi waupiga kifua mwendo mzima halafu ukigeuza unarudi kama umesukumwa na mkono, hapo ndo nilikuwa naweka 53 mbele na 13 nyuma, gia nzito ya mbio, nasikia raha ambayo siwezi kuieleza. Ile 39 nilikuwa siigusi, wiki nzima yaweza kupita.

Sasa mwaka huo dada yangu mkubwa akapata uhamisho wa ualimu, akapelekwa Wundanyi, kule juu kwenye milima ya Taita. Huyu dada ndiye aliyenishikia kiti cha baiskeli nikijifunza, kwenye mchanga nyuma ya nyumba yetu Barani, kwa hivyo nilimwambia siku ile ile anafunga mizigo, dada, mie ntakuja kwako na baiskeli mpaka mlangoni. Akacheka akasema haya, nangoja.

Agosti shule zimefunga nikapanda basi na baiskeli kwenye buti mpaka Mombasa, halafu Voi, nikalala, alfajiri nikatoka. Voi mpaka Mwatate hakuna neno, barabara inapanda lakini kwa adabu, mkonge umejipanga mistari pande mbili, kuna ubaridi, nikajiona niko sawa. Pale Mwatate ukiiacha barabara ya Taveta unakata kulia, ndo njia ya Wundanyi. Ni kama kilomita 15, na ndani yake unapanda zaidi ya mita 500. Mwanzo imelala lala hivi haikutishi, halafu inaanza kujikunja, kona juu ya kona, ukiangalia juu waona matatu iko juu ya kichwa chako na ni barabara hiyo hiyo.

Niliweka 39 na 25, gia ya mwisho na nyepesi kuliko zote nilizokuwa nazo, nikabonyeza tena ile shifta ya kubadilishia gia nikidhani labda imebaki moja. Haikubaki. Nikaanza kusimama kwenye pedali, kila mguu unashuka kwa uzito wa mwili mzima, goti linatoa sauti. Nikaangalia saa nikahesabu mguu wa kulia unashuka mara ngapi kwa dakika, nikapata 38. Huku Malindi nikiendesha kawaida huwa 85, 90. Pumzi ninayo, moyo hauendi mbio, ni miguu tu inasukuma kitu kisichosukumika. Kona ya tano au ya sita goti likaniuma kama mtu amechoma sindano chini ya kifuniko, nikashuka. Nikatembea na baiskeli mkononi mpaka matatu ikanionea huruma. Dada alinikanda goti na maji moto siku mbili, hakusema kitu isipokuwa "Si lazima uje na baiskeli, mdogo wangu, we njoo tu." Na mimi sikumjibu, lakini moyoni ilikuwa ni lazima.

Niliporudi Malindi kila niliyemwambia alinipa jibu moja, ongeza mazoezi. Mpaka leo nalikataa jibu hilo. Mtu anayekwenda Gongoni na kurudi mara nne kwa wiki hana miguu mibovu, na mtu ambaye pumzi imebaki lakini mguu umekwama shida yake haiko kwenye mapafu. Aliyenielewa ni fundi wetu mmoja mzee wa kule Kisumu Ndogo, chini ya mkwaju, ambaye maisha yake yote ametengeneza blek mamba za watu wa maji na watu wa mnazi, baiskeli za gia moja.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Hilo goti lafanyani?"

Nikamweleza yote. Hakugusa goti. Aliipindua baiskeli, akachukua chaki akapiga alama kwenye jino moja la ile gia kubwa ya nyuma, akashika msumari akawa anayahesabu meno moja moja kwa ncha, polepole, akipotea anarudi kwenye chaki anaanza upya. Ishirini na tano. Akahesabu na mbele, thelathini na tisa. Halafu akanionyesha baiskeli iliyokuwa imeegemea mti na mitungi minne ya maji, ile ya lita 20.

"Huyu waona mzigo wake? Alikuja hapa na friwili, hii gia ya nyuma, ya meno 18, magoti yamwuma kama wewe. Nikamwekea 22. Na yeye hapandi mlima, ni mchanga tu huo wa Muyeye. Mlima ni mzigo mwanangu, hata kama hukubeba kitu. Wewe wataka kubeba mlima na gia ya kukimbizia."

Hiyo sentensi sikuisahau. Nilikaa pale kwenye kibao nikapiga hesabu nyuma ya katoni ya tyubu. 39 gawanya kwa 25 unapata 1.56, yaani ukizungusha pedali mara moja gurudumu linazunguka mara moja na nusu na kitu, na gurudumu langu moja likizunguka linakula kama mita 2.1, kwa hivyo kila mzunguko wa pedali nilikuwa nasukuma mwili na baiskeli mita 3.3 za barabara ya mlima. Hapo ndo goti lilipokuwa linalipia. Watu wa baiskeli hizi dawa yao ya kwanza ni kubadilisha mbele, kuweka krenki, ile mikono ya pedali pamoja na gia zake za mbele, ya 50 na 34. Lakini yangu huwezi kuifunga 34, duara la zile bolti ni milimita 130 na gia ndogo kabisa inayokaa hapo ni ya meno 38, sasa kutoa 39 uweke 38 umefanya nini? Ni lazima ununue krenki nzima, na bei yake wakati ule kwangu ilikuwa haigusiki.

Nikageukia nyuma. 39 kwa 32 ni 1.22. Na 34 kwa 28, ambayo ndo watu walikuwa wananisifia kwamba ni gia ya kupandia milima, ni 1.21. Nilirudia hesabu mara tatu manake sikuamini. Ni kitu kimoja! Bila kugusa mbele kabisa napata mlima ule ule, kutoka mita 3.3 nashuka mpaka mita 2.6 kwa mzunguko.

Kaseti ya 11 mpaka 32 ni ya baiskeli za milimani, lakini gia 9 za Shimano ni gia 9, inaingia kwenye hab ile ile ya katikati ya gurudumu. Binamu yangu akainunua Nairobi akaituma kwa basi pamoja na cheni mpya. Kikwazo kikawa ule mkono wa nyuma unaovutavuta cheni, direla. Wangu ulikuwa mfupi wa baiskeli za mbio, kisheria mwisho wake 27. Fundi akaingia kwenye gunia lake la vyuma akatoa direla ndefu ya gia 9 kutoka kwa mauntini baiki iliyokufa zamani, imejaa kutu ya chumvi, akailaza kwenye mafuta ya taa usiku kucha. Nilikuwa nimeambiwa direla ya milimani ya gia 9 inaelewana na shifta za barabarani, na kweli ikaelewana, inaruka gia moja moja bila kusita.

Cheni tuliipima bila kuipitisha kwenye direla, tukaizungushia gia kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma, pale zinapokutana tukaongeza pini mbili tukakata. Usiikate kwa kulinganisha na cheni ya zamani, ile ilikatwa kwa ajili ya 25, ukija kuweka kubwa kwa kubwa kwenye 32 itavuta mpaka ing'oe direla. Halafu ikaja ile kazi iliyotuchukua asubuhi nzima. Kila tukiingiza 32 ile puli ya juu ya direla, kale kagurudumu kanakopitisha cheni, inasugua meno ya kaseti, krrr krrr krrr. Kuna kaskrubu kadogo kwa nyuma, fundi akawa anakakaza robo zamu, anazungusha pedali kwa mkono, anainamisha sikio, robo zamu tena, mpaka ikabaki nafasi kama unene wa penseli kati ya puli na jino. Kimya. Lakini hakuridhika.

"Hapa yazunguka hewani haina mzigo. Ikibeba mlima je?"

Na Malindi mlima wa kuijaribia tungeutoa wapi. Akamwita kijana wake, akamwambia ashike kiti kwa nyuma avute kwa nguvu zake zote, mimi nikapanda, nikaweka 39 na 32, nikaanza kukanyaga kwenye ule uchochoro wa mchanga huku kijana amechimbia visigino ananirudisha nyuma. Watoto wamejaa wanapiga kelele, fundi anatembea ubavuni ameinama, sikio liko kwenye direla. Nilikwenda kama mita thelathini hivi na kijana wangu nyuma. Nikamkumbuka dada, naye alikuwa anashika pale pale.

Kitu kimoja nikubali nilikipoteza. Kaseti ya zamani ilikuwa 12, 13, 14, 15, 17, 19, hatua ndogo ndogo, kwenye upepo waweza kutafuta ile inayokukaa sawasawa. Mpya ni 11, 12, 14, 16, 18, 21, 24, 28, 32. Hiyo 15 na 17 ndo nilikuwa naishi nazo kwenye barabara ya Gongoni, sasa kila siku ni kuchagua kati ya nzito kidogo na nyepesi kidogo. Inaudhi, sitasema haiudhi.

Desemba nikarudi. Mama alinipa chupa ya achari ya maembe nimpelekee dada, nikaifunga ndani ya leso kwenye begi la mgongoni. Mwatate nilipita saa moja na nusu asubuhi, ukungu bado umelala kwenye mashamba. Safari hii sikukimbilia ile 32, nilianza na 24, kona zilipoanza nikashuka 28, ile ya mwisho nikaiweka akiba, na kujua tu kwamba ipo kulinitosha. Kwenye kona nilikuwa napita upande wa nje nikiona hakuna gari, manake upande wa ndani pale barabara inapojikunja ndo mkali kuliko popote, ukipitia ndani wajitafutia. Ile kona iliyonishinda Agosti niliijua kwa jiwe lake. Nikabonyeza, ikaingia 32, nikakaa kwenye kiti, sikusimama. Nikahesabu tena mguu wa kulia. 56. Goti limenyamaza. Wamama wanashuka na kabichi vichwani wakanisalimia, na nikaweza kuwajibu, nikawajibu kwa sauti nzima, machozi yalikuwa yananitoka na sikujali.

Dada alikuwa nje anaanika nguo. Aliona baiskeli kwanza, kisha mimi, akaacha shuka likaanguka kwenye majani.

Jioni, achari ishafunguliwa iko mezani, nikampigia fundi.

"Ami, nimefika. Mpaka mlangoni."

"Alhamdulillah. Ile kubwa uliiweka?"

"Niliiweka."

"Ikasugua?"

"Haikusugua ami. Hata kidogo."

Akanyamaza kidogo, nikasikia akimwambia kijana wake pale, "Asema haikusugua."