Kupanga muziki wa gemu kwa kazi yake, kisha kuchagua ulio bora

Orodha nyingi za muziki bora wa gemu huharibika mapema kwa sababu zinashindanisha vitu visivyofanya kazi moja. Baba Yetu ya Christopher Tin inasikika kwenye menyu ya Civilization IV (2005), mchezaji akiwa bado hajaanza lolote. One-Winged Angel ya Nobuo Uematsu inasikika kwenye pambano la mwisho la Final Fantasy VII (1997), baada ya saa nyingi za safari. Ukiuliza upi ni mzuri zaidi, mtaishia kubishana kuhusu gemu mnazozipenda, na muziki wenyewe utasahaulika.

Kwa hiyo panga kwanza kwa kazi, ndipo uchague ndani ya kila kundi. Makundi ninayoyaona yanatosha ni menyu na skrini ya mwanzo, maeneo ya kutembea, mapigano ya kawaida, mabosi (maadui wakubwa wa mwisho wa hatua), vipande vifupi vya matukio (kushinda, kufa, kupata kitu), na muziki wa mwisho majina yanapopita. Kundi la saba liweke kando kabisa: nyimbo zilizonunuliwa leseni, kama zile za FIFA au za stesheni za redio kwenye GTA. Song 2 ya Blur ilitumika kwenye FIFA: Road to World Cup 98 na ikakaa vizuri sana, lakini haikutungwa kwa ajili ya gemu. Hapo unayempima ni aliyechagua nyimbo. Mtunzi hahusiki.

Kundi la maeneo ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalostahili muda wako mwingi. Kipimo chake ni uvumilivu. Pima urefu wa mzunguko mmoja, yaani tangu mwanzo hadi muziki unaporudi ulikoanzia, kisha ulinganishe na muda ambao mchezaji wa kawaida hukaa mahali hapo. Mzunguko wa sekunde 45 kwenye eneo la dakika 15 utasikika mara 20. Melodi yenye kilele kimoja kikali inaweza kukuvutia mara ya kwanza na kukukera mara ya sita, maana sikio limeshajua kinachokuja. Muziki unaodumu mara nyingi una sehemu mbili au tatu zenye tabia tofauti, na besi yake inatembea, haigongi noti moja tu. Sikiliza hasa pale mwisho unapoungana na mwanzo. Mtunzi hodari huziacha noti za mwisho zikidai jibu, na jibu hilo likawa ni noti ya kwanza, hivyo hutambui mzunguko umeanza tena. Usitoe hukumu kabla ya mizunguko mitano mfululizo, na miwili kati ya hiyo isikilize sauti ikiwa chini huku ukifanya shughuli nyingine. Muziki wa eneo unaodai usikilizwe kila sekunde umeshindwa kazi yake, hata ukiwa mtamu namna gani.

Aquatic Ambiance ya David Wise, kwenye Donkey Kong Country (1994), inafaulu mtihani huu, na ukijua mashine iliyoibeba utaiheshimu zaidi. Super Nintendo ina chaneli 8 za sauti na kumbukumbu ya kilobaiti 64 tu kwa ajili ya sauti. Humo zinakaa sampuli za ala (vipande vifupi vya sauti iliyorekodiwa), noti zenyewe, programu ya kuzipiga, na pia mwangwi. Kila milisekunde 16 za mwangwi zinakula kilobaiti 2. Mtunzi akitaka mwangwi mrefu kabisa unaoruhusiwa, milisekunde 240, kilobaiti 30 zimekwisha, karibu nusu ya kumbukumbu yote. Kila unaposikia mwangwi mpana kwenye gemu ya mashine hiyo, fahamu kuna ala zilizofupishwa au kuachwa ili upatikane.

Hapo ndipo linapokuja suala la haki: usiushindanishe muziki wa chipu, unaozalishwa na mashine yenyewe, na wa okestra bila kuangalia mtunzi alikuwa na nini mkononi. Famicom, mashine ya Nintendo ya 1983, ilikuwa na chaneli tano: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya pembetatu, moja ya kelele, na moja ya sampuli duni. Ile ya pembetatu, ambayo kwa kawaida ndiyo besi, haina kidhibiti cha sauti: ama inalia ama imenyamaza. Tena milio ya mchezo inatumia chaneli hizohizo, kwa hiyo ukiruka au ukiokota kitu, sauti moja ya muziki inakatika kwa muda. Koji Kondo alipotunga Super Mario Bros. (1985) alifanya kazi ndani ya mipaka hiyo, na bado ule muziki unatembea. Mega Drive ya Sega ina tabia tofauti: chaneli 6 za FM (si ya redio; ni sauti inayoundwa kwa wimbi moja kulitikisa jingine), na ya sita inaweza kugeuzwa kupiga sampuli, hasa za ngoma. Yuzo Koshiro aliinufaisha Streets of Rage (1991) kwa mashine hiyo, na ngoma zake bado zinasimama bega kwa bega na muziki wa klabu wa enzi ile.

Hakikisha pia toleo unalolisikiliza ni sahihi. Mashine za PAL, mfumo wa televisheni uliotumika Ulaya na kwingineko, ziliendeshwa kwa herzi 50 badala ya 60, na gemu ambayo haikurekebishwa hupunguza mwendo wa muziki kwa takribani asilimia 17. Zile TV game za kuiga Famicom zilizojaa mitaani kwetu zina tatizo lingine. Nyingi zilitengenezwa na chipu iliyobadilishana upana wa wimbi la asilimia 25 na la asilimia 50, kwa hiyo sauti nyembamba ikawa nene na nene ikawa nyembamba. Noti ni zilezile, rangi ya sauti ndiyo imegeuka. Kama muziki uliokulia nao haufanani na rekodi rasmi, huenda sababu ni hiyo. Andika toleo gani umechagua, maana ni kama vitu viwili tofauti.

Tatizo jingine ni muziki unaobadilika kufuatana na mchezo. Kwenye Super Mario World (1990), ukimpanda Yoshi ngoma zinaongezeka juu ya muziki uleule, na ukishuka zinaondoka. Kwenye Monkey Island 2 (1991), mfumo wa iMUSE wa Michael Land na Peter McConnell unaunganisha muziki wa jengo moja na wa jingine bila kukata, hata ukiingia na kutoka ovyo. Faili moja haiwezi kuonyesha ustadi huo. Muziki wa aina hii uhukumu ndani ya gemu yenyewe, au kwa video ya mtu anayecheza. Ukiusikiliza kwenye albamu peke yake utaupa alama ndogo kuliko unazostahili.

Sasa turudi kwenye menyu. Muziki wa menyu husikika dakika moja au mbili kila unapowasha gemu, kwa hiyo mtihani wa mizunguko mitano haufai hapa. Unaruhusiwa kuwa mkubwa, wa kwaya, wenye kilele cha wazi. Baba Yetu inaitimiza kazi hiyo barabara: kabla hujajenga mji hata mmoja, tayari unahisi uzito wa historia ya watu. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata Grammy ya upangaji wa muziki, ukawa wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kushinda tuzo hiyo. Sisi tunaoisikia lugha yake tunaweza kuipima pia kwa namna ambayo wengine hawawezi: pale sentensi inapokatwa baada ya "uliye", na "mbinguni" likasubiri mstari unaofuata, sikio la Kiswahili linayumba kidogo. Hata hivyo kwangu bado iko juu kwenye kundi lake, kwa sababu ya jinsi mwitikio wa kwaya unavyojengwa.

Wimbo huo unafaa pia kuonyesha jinsi ya kujaza tagi, yaani maelezo yanayobebwa ndani ya faili la muziki. Kwenye gemu uliimbwa na Talisman, kundi la waimbaji la Chuo Kikuu cha Stanford. Kwenye albamu ya Tin ya 2009 ukaimbwa na Soweto Gospel Choir. Ukimwandika Tin kwenye nafasi ya msanii, rekodi hizo mbili zitachanganyika. Mtunzi muweke kwenye nafasi ya mtunzi, waimbaji kwenye nafasi ya msanii, jina la gemu kwenye albamu, na kazi ya muziki (menyu, eneo, bosi) kwenye nafasi ya kundi. Mashine na toleo andika kwenye maoni. Programu ya Mp3tag inafanya hayo kwa folda nzima kwa pamoja.

Muziki wa kujirudia uhifadhi kwa aina ya faili ya FLAC au Ogg. MP3 huongeza ukimya mdogo mwanzoni na mwishoni mwa faili, na programu isiyojua kuuondoa itakupa pengo kila mzunguko unapoanza upya, kisha utamlaumu mtunzi bure. Kwa kusikiliza kawaida, mizunguko miwili na sekunde 10 za kufifia zinatosha.

Kabla ya kulinganisha, sawazisha sauti zote kwa ReplayGain (mfumo wa kulinganisha ukubwa wa sauti za faili), maana wimbo ulio juu hata kwa desibeli mbili huonekana bora bila sababu. Kisha linganisha viwili viwili ndani ya kundi moja: anayeshinda anabaki, anayeshindwa anatoka. Weka kikomo cha nyimbo mbili kwa kila gemu katika orodha nzima, la sivyo Chrono Trigger peke yake itakujazia nusu ya nafasi. Vipande vifupi vya matukio vichague mwisho, ukivisikiliza mara tu baada ya muziki wa pambano lake, kwa kuwa mlio wa ushindi wa sekunde nne hauna maana bila kelele iliyoutangulia.