Unga wa mwembe

Agosti 2009, zimebaki siku chache Ramadhani iingie, na kusi linavuma Tanga kama limetumwa. Mjomba alikuwa na uwanja wa kuni Pongwe, kando ya barabara iendayo Muheza. Mwenye tanuri la mikate wa Ngamiani alitaka mzigo wake jioni ileile, kuni za mwembe, urefu wa mkono mmoja.

Kazi yangu ilikuwa shoka na kupanga. Chenso, ule msumeno wa injini, aliishika mjomba peke yake. Asubuhi ile alikwenda msibani, akaniachia magogo yaliyokwisha katwa niyapasue. Nikaona zamu yangu ya kuonekana mtu mzima imefika. Nikachukua tupa, nikanoa cheni kama nilivyokuwa nikimwona akinoa. Kumwona, nilimwona kwa mbali.

Gogo la kwanza lilikatika. La pili, mkato ulianza kwenda kombo, ukatoka umepinda kama mwezi mchanga. Nikakandamiza. Moshi ukatoka, si wa injini, wa mti wenyewe. Nikasema mashine imezeeka, nikazidi kukandamiza.

Mjomba alirudi na baiskeli baada ya adhuhuri, kofia ya msibani bado kichwani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Zima hiyo."

Akachuchumaa, akachota kilichomwagika chini ya gogo, akakisugua kiganjani. Kilikuwa laini kabisa.

"Mpwa wangu, unakata kuni ama unasaga unga wa futari?"

Cheni yenye makali hutema chembe nene, kama machicha ya nazi. Ikitoa vumbi, haikati tena, inasugua. Akageuka kutazama alama kwenye mchanga, nilikoyaburuta magogo kuyasogeza karibu, akasonya. Mchanga ulioganda kwenye gamba huua makali haraka kuliko mti wenyewe, hata mti uwe mgumu vipi. Yeye huyalaza magogo juu ya fito, na gamba lenye mchanga hulichonga kwa panga kwanza. Hilo nalo nililiona kila siku nisiulize.

Akaukita upanga wa chenso (ndivyo tulivyokiita kile chuma kirefu kinachobeba cheni) kwenye mpasuo wa kisiki usitikisike, akatia doa la mkaa jino la kwanza. Meno yalikuwa 36, nusu yametazama kulia, nusu kushoto, yamepishana.

"Haya ya huku uliyapa tupa ngapi ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Na ya huku?"

Nikanyamaza. Upande ulioniwia mwepesi niliusugua mpaka ukang'aa. Ule wa pili niliupapasa tu. Basi upande mmoja mkali, mwingine butu, na msumeno ukawa unakimbilia kwenye makali.

Akatafuta jino fupi kuliko yote, likawa kipimo cha yale 35. Tupa ya duara, milimita 5.2, inasukumwa mbele tu, kurudi inainuliwa. Mkono umelazwa pembe ileile, kama nyuzi 30, na kila jino hesabu sawa. Alinoa upande mmoja akanipa tupa. Nilipofika upande wa pili nikaanza kupinda kiwiko, akanipiga kofi la begani.

"Mkono haupindi. Zunguka wewe."

Halafu vile vinundu vilivyo mbele ya kila jino. Mie nilidhani pambo la kiwandani. Kumbe ndivyo vinavyoamua jino limege kiasi gani. Jino likiisha kwa kunolewa linashuka, kinundu kinabaki juu, na hata uwe na makali ya wembe haukati kitu. Alivishusha kwa tupa bapa, kibati cha kupimia juu yake, mpaka tofauti ikawa milimita 0.65. Ukizidisha, anasema, msumeno unaruka na kukung'ang'ania mikononi.

Alipoiwasha, gogo lilikatika kwa uzito wa chenso yenyewe. Machicha yakaniingia mpaka kwenye viatu.

Tulimaliza magharibi inaadhiniwa, kirikuu ya mwenye tanuri imekwisha piga honi mara nne. Mjomba akaanza kulegeza cheni.

"Mbona unailegeza, na kesho kuna kazi?"

"Ina moto, imerefuka. Ikipoa itajivuta, na ikiwa imekazwa hivi itaumiza upanga."

Akanipa tupa zote mbili nizipanguse na kuzifunga kwenye kitambaa cha kanga. Chenso aliibeba mwenyewe mpaka ndani.