Siku yenye saa 25

Shemeji yangu, muuza vipuri pale Mbuyuni, ndiye aliyeniambia programu ni kama jembe: ukishalilipia, limekwisha. Nami na kampuni yangu ndogo ya kupandisha wageni Kilimanjaro nikamsikiliza. Dogo aliyenitengenezea mfumo wa kompyuta wa kupanga safari, vyumba na magari ya wageni nilimpa kama milioni sita na ushee, akahamia Dodoma.

Mwaka wa kwanza safi kabisa. Kisha hoteli tunayolaza wageni ikapandisha chumba kutoka dola 60 hadi 75. Bei ilikuwa imeandikwa ndani kabisa ya programu, hakuna mahali pa kuibadilishia. Dogo akataka laki mbili. Laki mbili kwa tarakimu mbili? Nikamwita mpwa wangu anayesomea kompyuta: tafuta 60 zote, weka 75. Dakika tatu. Nikamnunulia chipsi kuku, nikampigia shemeji kumtambia.

Kumbe saa moja ni sekunde 3600, na mfumo ulihesabu muda kwa sekunde. Ndani ya 3600 kuna 60. Ikawa 3750. Zidisha mara 24 mwenyewe: siku ikawa na saa 25! Wageni wanne wakapanda kwa njia ya Machame, siku saba, usiku sita. Wakashukia geti la Mweka saa nane mchana, matope hadi magotini, gari hakuna. Kiongozi wao akanipigia. Nikatazama kompyuta nikamjibu kwa kujiamini, "Gari ni saa mbili usiku. Nyie mmewahi." Saa sita nzima! Niliwarudishia hela ya hoteli na bado hawakunisalimia.

Dogo alirudi kwa laki tatu na nusu, maana sasa kulikuwa na la kusafisha. Bei zote zina ukurasa wake, msimbo (maandishi yenyewe ya programu) ninao nakala, na jina la tovuti, lililokuwa limesajiliwa kwa jina lake (angalieni lenu leo), ni langu.

Mafundi husema tenga asilimia 15 hadi 20 ya gharama ya kutengeneza, kila mwaka. Mie asilimia zinanichosha: kila mgeni anayepanda, dola tano zinaingia kwenye laini ambayo namba ya siri anaijua mke wangu tu. Masika, mlima ukiwa hauna watu, dogo anafanyia kazi hela hiyo. PHP 7.4, toleo la lugha ya kompyuta ambalo programu yangu yote iliandikwa kwalo, lilipoachwa na watengenezaji wake Novemba 2022, sikukopa hela ya kuihamishia toleo jipya.

Shemeji naye sasa anataka programu ya stoo. Nimempa namba ya dogo. Amesema ni ghali, ameomba ya mpwa.