Nilivyoandaa bodi ya Land Rover Series III kabla ya rangi mpya

Kifaa cha kwanza nilichoshika kilikuwa sumaku. Ukiitembeza kwenye Series III, zile za 1971 hadi 1985, inanasa kwenye chasisi, kwenye fremu za milango na kwenye ukuta unaotenganisha injini na kabini. Kwenye boneti, madigadi na bodi ya nyuma haishiki kitu. Huko ni Birmabright, alumini iliyochanganywa na magnesi, ambayo Waingereza waliitumia tangu 1948 kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa cha mgao. Gari moja, metali mbili. Karibu kila kasoro niliyoikuta kwenye rangi ya zamani ilitokana na kuitendea alumini kama bati la chuma.

Sumaku hiyo hiyo haikusaidii kutafuta puti la zamani, yaani ule mchanganyiko wa kujazia mibonyeo, maana alumini haivuti hata ikiwa tupu. Gonga kwa kifundo cha kidole: penye puti nene sauti inakuwa nzito, imekufa.

Kuondoa rangi ndiko kulikokula muda mwingi. Nilitumia dawa ya jeli, kama lita 4 kwa gari zima. Niliipaka kivulini kwa brashi bila kurudiarudia, nikaifunika kwa nailoni nusu saa isikauke, kisha nikakwangua kwa kipande cha plastiki ngumu. Vaa glavu nene na ufanyie kazi penye upepo. Kostiki soda, ambayo mafundi wengi huchemshia vipande vya chuma, isiguse alumini kabisa: inaila metali yenyewe na kutoa gesi ya haidrojeni inayowaka. Diski ya grainda nayo niliiweka kando. Joto lake linavimbisha paneli, na ikishatanuka hairudi. Brashi ya waya wa chuma ina ubaya wa kimyakimya: inaacha chembe za chuma ndani ya alumini, na baada ya miezi zinatoa vidoa vya kutu chini ya rangi nzuri. Pedi ya nailoni inatosha.

Chini ya milango ndipo pabaya zaidi. Ngozi ya alumini imekunjwa juu ya fremu ya chuma, na maji yenye chumvi yakikaa katikati, alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe, na rangi inapanda kama mapovu. Kuusawazisha kwa msasa na kupiga puti juu ni kupoteza pesa. Nilifungua mkunjo, nikasafisha pande zote mbili hadi metali tupu, nikapaka praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza inayoshika metali, kila upande kabla ya kufunga tena. Ribiti zilizooza nilizibadilisha kwa za alumini.

Mibonyeo ya madigadi haikunyooka kwa baridi, kwa sababu aloi hii ikishapigwa inakuwa ngumu na ukilazimisha inapasuka. Dawa yake ni kipande cha sabuni ya kufulia. Isugue juu ya sehemu iliyobonyea, pasha moto upande wa pili kwa mwali laini unaotembea, na sabuni ikigeuka kahawia nzito, acha mara moja. Alumini haikuonyi kwa kuwa nyekundu kama chuma. Inakaa na rangi yake mpaka inayeyuka. Ikipoa inakuwa laini, nyundo ya mbao inaimaliza.

Metali tupu niliichuna kwa msasa namba 180, nikaifuta kwa dawa ya kuondoa mafuta, kitambaa kimoja cha kupaka na kingine kikavu cha kufutia, na praima ikaingia siku hiyo hiyo. Utando wa oksidi unarudi haraka, ukilala nayo usiku umerudi nyuma. Nilichagua epoksi, mipako miwili, badala ya praima ya asidi. Ile ya asidi inashika alumini vizuri sana, lakini puti la poliesta juu yake halikauki sawasawa, na epoksi nyingi hazielewani nayo.

Puti nililipiga juu ya epoksi iliyochunwa kwa msasa. Hadina, dawa ya kulikausha puti, ni gramu 2 kwa gramu 100 za puti, nami nilipima kwa mizani ndogo ya jikoni. Kwa joto la pwani una dakika chache tu, hivyo changanya kidogo kidogo. Ukizidisha hadina ili likauke upesi, ziada inapanda juu na kuacha madoa kwenye rangi ya mwisho. Msasa namba 80, halafu 180, kwenye kibao kirefu. Vidole vinachimba mifereji.

Kisha praima nene ya kujaza, mipako mitatu. Ikikauka, pulizia vumbi jembamba la rangi nyeusi juu yake na uchune kwa 320 kavu. Panapobaki weusi ni bonde. Panapotokea metali ni kilima, na hapo epoksi inarudi. Msasa wa maji namba 600 unakuja mwisho kabisa, baada ya puti lote kufunikwa, kwa sababu puti lililo wazi linanyonya maji kama sifongo. Maji ya kisima cha pwani niliyakataa: chumvi ikibaki chini ya rangi inavuta unyevu, na malengelenge yanaota hata mwaka wa pili.

Kompresa nayo inatengeneza maji, hasa asubuhi zenye unyevu. Nilifungua koki ya chini ya tangi kila saa na kuweka kichujio cha maji karibu na bunduki ya kupulizia rangi. Na barakoa ya vumbi haizuii isosayanati, kemikali yenye sumu iliyo kwenye hadina za rangi. Kemikali hiyo inahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira.