Jicho la fundi mwenzake: karatasi za ukutani na vyama vya kale vya mafundi

Karatasi ya ukutani iliyochapwa kwa mkono na kubandikwa vizuri huficha kazi yake yenyewe. Mgeni huingia chumbani akasifu maua na rangi, asijue kwamba mbele yake kuna vipande kadhaa vilivyokutanishwa ukingo kwa ukingo, wala kwamba kila rangi aionayo iligongwa kwa mkono na kwa kibao chake cha kuchongwa. Ndiyo maana naamini kwamba heshima yenye uzito kuliko zote kwa fundi wa kazi hii ni ile anayopewa na mafundi wenzake, na hufurahi kila nisomapo kwamba chama cha kale cha mafundi kimemtambua mtu wa aina hiyo.

Mjini London chama chenye uhusiano wa karibu na kazi hii ni Worshipful Company of Painter-Stainers. Wachoraji waliungana mwaka 1502 na mafundi waliotia rangi vitambaa, na mwaka 1581 Malkia Elizabeth wa Kwanza akawapa hati ya kifalme. Vitambaa hivyo vya kuchorwa vilitundikwa kutani na watu wasioweza kununua mazulia ya ukutani yaliyofumwa, kwa hiyo pambo la ukuta lilikuwa jambo la chama hicho hata kabla karatasi haijashika nafasi ya kitambaa. Sheria ya mwaka 1563 ilitaka uanagenzi wa miaka 7, na viongozi wa chama walikagua kazi za mafundi. Linganisha ukaguzi huo na muhuri wa serikali: kuanzia 1712 hadi 1836 karatasi za ukutani zilitozwa kodi nchini Uingereza, na muhuri uliopigwa nyuma ya karatasi ulithibitisha kwamba kodi imelipwa, lakini haukusema lolote kuhusu ubora.

Ubora huo huanzia kwa mchongaji. Nakshi hugawanywa kwa rangi, na kila rangi huchongewa kibao chake, mara nyingi cha mti wa mpea, ambao nyuzi zake zimeshikamana na hazimeguki ovyo. Rangi huchanganywa na chaki na gundi, ikawa nzito kiasi cha kukaa juu ya karatasi kama utando unaosikika kwa kidole. Mchapaji hukandamiza kibao kwenye kitambaa kilicholowa rangi, kisha hukishusha juu ya karatasi akiongozwa na pini ndogo za pembeni, ambazo huacha nukta za kuonyesha mahali pa pigo linalofuata. Karatasi hutundikwa ikauke kabla rangi ya pili haijaanza, na kibao kikihama kwa unene wa ukucha katika rangi ya tano, kazi ya zile nne zilizotangulia imepotea.

Karatasi za sufu zilihitaji ustadi mwingine. Nakshi ilichapwa kwa gundi, karatasi ikawekwa ndani ya sanduku, ikanyunyiziwa sufu iliyosagwa, huku mwanagenzi akipiga kitako cha sanduku kwa fimbo ili vumbi lipande na kutua sawasawa. Karatasi ya namna hiyo ilibandikwa katika ofisi za Baraza la Mfalme huko Whitehall takriban mwaka 1735, ikiiga damaski, kitambaa cha fahari chenye nakshi za kufumwa.

Sidai kwamba vyama hivi vilikuwa vyema siku zote. Vililinda riziki ya wanachama wao na kuwazuia wengine, na nchini Ufaransa vilifutwa mwaka 1791. Hata hivyo kazi iliendelea. Huko Rixheim, katika jimbo la Alsace, kiwanda cha karatasi za ukutani cha Zuber kilitoa mwaka 1834 karatasi ya mandhari ya Amerika ya Kaskazini yenye vipande 32. Nakala yake moja ilibanduliwa kutoka nyumba iliyokuwa ikibomolewa Maryland, ikabandikwa Ikulu ya Marekani mwaka 1961. Kubandua karatasi ya zaidi ya miaka mia bila kuirarua ni kazi inayostahili nishani peke yake.

Jambo moja ningependa vyama vilivyobaki vilizingatie. Sifa huelekea kwa mbunifu. William Morris, mbunifu wa Kiingereza wa karne ya 19, anajulikana duniani kote, ilhali karatasi zake nyingi zilichapwa katika karakana ya Jeffrey & Co., na wachapaji waliosimama mbele ya vibao hivyo ni wachache wanaotajwa. Chama kinapomtambua fundi leo, kimtazame mchongaji, mchapaji na mbandikaji kwa uzito uleule anaotazamwa mchoraji, na kimwulize kila mmoja wao ni nani anayejifunza kwake. Zuber wametunza vibao vyao vya zamani na bado wanavitumia, lakini kiasi cha rangi kinachotosha kwa kila pigo hakikuandikwa kwenye kibao. Hicho huonyeshwa na aliyetangulia, akiwa amesimama kando ya mwanagenzi wake.